Achia

Masoud kalituma kutoka Unguja, likashuka Mkoani
kimya, watu wa gatini wakadhani linasukumwa.
Halina moshi. Halina gia. Linakula Tukuza
kwa waya uingiao dirishani ukapita miguuni pa kitanda,
na Asaa kila usiku auruka kama mtaro.
Ndani ya dashibodi yumo bibi asemaye Kijapani.
Twamwitikia "inshaallah", maana hatujui kasema nini.

"Baba, ukifika penye njia iliyonyooka
bonyeza hapa, halafu achia."

Achia!
Miaka ishirini na tisa nimebeba mchanga kwa Isuzu,
usukani mgumu kama shingo ya ng'ombe asiyetaka kulima,
vilima vya Kengeja nikivipanda kwa mabega,
na leo huyu, huyu huyu niliyekimbia nyuma ya baskeli yake
nimeshika kiti, siachii, mpaka akalia,
ananiambia niachie.

Tulikuwa tunakwenda hitima, Konde.
Tukaipita Gombani, lami ikalala vizuri,
mstari mweupe ukingoni kama uzi wa fundi.
Nikabonyeza. Taa ya kijani.
Nikainua kidole kimoja, kisha cha pili,
kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto.
Usukani ukacheza wenyewe. Kushoto kidogo. Ukarudi.
Nikaona haya, sijui haya ya nini.

Sasa mikono niiweke wapi?
Juu ya mapaja, nikafanana na bwana harusi.
Nikachukua tasbihi, hesabu ikanipotea
kwa kuhesabu nguzo za umeme.
Mguu nao, kila kona, ukikanyaga zulia tupu.

Asaa akacheka puani.
"Umekuwa abiria, mume wangu."
Kisha akauchukua mkono wangu wa kushoto,
mkono wa gia,
ambao tangu anioe nimwoe haukuwahi kukaa bure garini.
Alikuwa akisema zamani: gia ile ni mke mwenzangu,
waishika mchana kutwa.
Akaigusa sugu moja moja, kama anachambua mchele.

Bibi wa dashibodi akalalama. Tiii. Tiii.
Kijapani kirefu, sauti ya adabu, hasira ndani yake.
"Wivu huo," akasema Asaa. "Mwambie una mtu."
Nikaugusa usukani kwa kidole cha kulia. Akanyamaza.
Baada ya kitambo, tena. Tiii.
Kumbe kuachia kwenyewe ni kwa kuombaomba.

Ole, msimu umeanza,
majamvi ya karafuu yamelala mpaka juu ya lami,
mstari mweupe umefunikwa wote.
Gari likatafuta. Likaona ukingo wa jamvi,
mweupe, umenyooka, likaupenda,
likaanza kuufuata.
Na juu ya jamvi mtoto wa kike, amechutama,
anageuza karafuu kwa viganja, hajatusikia.
Angetusikiaje?

Mikono yangu haikuniuliza.
Nilipojua, tulikuwa katikati ya njia,
taa ya kijani imezimika,
harufu kali ya karafuu imejaa garini,
na mkono wa Asaa umebaki hewani, wazi,
kama alikuwa anapokea chenji.
Mtoto kioo cha nyuma, anatupungia.

Hatukusema neno mpaka Mzambarauni.
Usukani nimeukamata kwa yote miwili,
vidole vyeupe, jasho kwenye kwapa za kanzu.
Bibi wa dashibodi naye kanuna.

Ndipo nikaangalia pale katikati ya viti.
Pale ilipokuwa ikikaa gia
pana kishimo cha kuwekea kikombe.
Hapana cha kubadilisha. Hapana cha kushika.
Mkono wa kulia unatosha kwa njia hii, naijua.
Nikaurudisha wa kushoto.

Masoud akipiga nitamwambia gari zuri,
halinywi petroli, mama yako kalipenda.
Kile kitufe, sijakibonyeza tena.
Tulifika Konde hitima imeshaanza,
tukakaa kidogo garini, limezimwa au halijazimwa,
hata sasa sijui kulitambua.