Safu ya Kumi na Moja

Wahenga walisema niuzibe ufa.
Hawakusema kwa kitu gani.
Basi mimi, mwaka juzi, nikatuma fedha kwa simu:
mifuko minane ya saruji na kijana wa kuipaka,
na nyumba ya mama pale Ndoro ikawa ya kijivu
kama mtu aliyevalishwa koti la baridi
saa saba mchana, Lindi.

Masika moja tu.
Lipu ikavimba matumbo, ikadondoka vipande vipande
juu ya meza ya kukandia unga,
na nyuma yake mawe yalikuwa yametoa chumvi nyeupe
ambayo mama aliionja kwa ncha ya kidole,
akasema, "Hii ingetosha mikate ya wiki nzima."

Safari hii nikaja mwenyewe.
Nikamwita fundi Bakiri Chinduli.
Hakuja na kipimamaji. Alikuja na uzi wenye jiwe mwishoni
na mwiko ulioliwa na kazi hadi ukawa kama ulimi wa mbuzi.
Akagonga ukuta kwa mpini, akatega sikio,
akasogea hatua, akagonga tena.
"Hapa anaitika. Hapa hamna mtu."

Wiki tatu chokaa ililala kwenye nusu pipa nyuma ya choo.
Siku ya kwanza ilichemka bila moto, ikatema,
kuku wakahama ua.
Kila asubuhi fundi aliikoroga, akaifunika gunia, akaenda zake,
na mimi nikahesabu siku za likizo.
"Haiwezekani kuiharakisha?"
"Kauambie unga uumuke bila kusubiri hamira,"
akajibu, akimtazama mama, si mimi.

Kisha tukaipanda dohani.
Dohani ya tanuri, ya mikate ya boflo,
iliyoinamia upande wa posta
kana kwamba inasoma barua ya mtu.
Masizi yakashuka, yakanijaa kooni.
Mimi nilikuwa mpokeaji; yeye aliyatoa matofali moja moja,
akiyapangusa kwa mgongo wa mkono,
mazima kulia, yaliyooza kushoto,
huku akihesabu safu kwa sauti ya chini,
nane, tisa, kumi,
na ya kumi na moja akanyamaza.

Matofali matatu, kiungo juu ya kiungo,
mstari mmoja wima kama mwanya wa meno,
na humo ndimo maji yalimopita miaka hamsini.
"Mjinga gani huyu," nikaanza.
"Mimi," akasema.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alikwenda kula.
Alimwachia mwiko na neno moja: usiguse.
Akagusa.
Baba aliporudi hakuona,
au aliona, akauona na uso wa mtoto,
akaipandisha safu ya kumi na mbili juu yake.

Chini, mama aliita kwamba chai inapoa.
Fundi hakushuka. Aliloweka tofali, akatandaza chokaa,
akalilaza katikati, likakalia mawili ya chini
kama inavyotakiwa. Akaligonga mara mbili.
Akaendelea kulishika kidogo, hata baada ya kukaa.

Jioni tuliandikiana hesabu kwenye karatasi ya mfuko wa unga.
Chokaa. Mchanga wa mtoni. Matofali arobaini na moja. Siku tisa.
Chini kabisa akaandika: safu ya kumi na moja, bure.
Nikakataa. Akasema hiyo si hisani,
ni deni, na limeshachelewa.

Ijumaa mama aliwasha tanuri, moto mdogo kwanza, wa kukaushia.
Sisi wawili tulisimama barabarani, shingo juu.
Moshi ulitoka kwa shida, ukakohoa,
ukapanda.
Bakiri akasema bado unaelekea posta.
Mama akasema ni upepo huo, njoo unywe chai.