Vidole Viwili vya Nafasi

Norris ameacha nafasi kwenye rafu yake,
upana wa vidole viwili,
kati ya tamthilia ya madaktari na ile ya wachimba makaa.
Hataki kitu kiwekwe hapo, hata miwani.
Vumbi tu ndilo lenye ruhusa.

Hapo ndipo litakapokaa *Lango la Kumi na Moja*
siku litakapotolewa kwenye diski:
vipindi kumi na vitatu, nyeusi na nyeupe,
vilivyoonyeshwa mara moja tu, kila Alhamisi usiku,
kipupwe cha mwaka sitini na saba,
kisha vikafutwa
kwa kuwa mkanda ulikuwa ghali
na Jumamosi kulikuwa na farasi.
Ndiyo. Juu ya uso wa mlinzi wa mfereji
wakarekodi mbio za farasi.

Tunakutana hapa Bradford, juu ya duka la misumari,
watu sita, siku nyingine watano na mbwa.
Tunaiandikia kampuni. Kampuni hujibu kwa adabu:
majira ya kuchipua. Halafu: majani yakipukutika.
Halafu huja karani mpya,
na sisi huanza tena kujitambulisha.
Mvumilivu hula mbivu, sikatai,
ila Hilary Threlfall meno yamemwisha
na tunda lingali ua.

Mwaka huu habari zimekuja.
Makopo saba ya filamu, chini ya ngazi za kanisa moja Tasmania,
yameshika kutu lakini hayajafunguka.
Norris alilia mbele yetu, akasingizia mafua.
Hilary akauliza: cha nne kimo?
Kimo.

Wote wakanigeukia.

Maana cha nne ninacho mimi, sauti yake tu.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilifunga kipaza sauti
kwenye mpini wa ufagio, nikauegemeza kitini
mbele ya televisheni ya kukodi,
nikabana pumzi dakika hamsini.
Tangu hapo tumeusikiliza mkanda ule
kama watu waliotegesha sikio mlangoni:
maji yakijaa, mnyororo, mtu akipiga hodi
mahali pasipo na nyumba.

Na dakika ya thelathini na moja, mama.
Ametoka zamu kiwandani, sufu ingali kwenye nywele,
Kiingereza hakijamkaa kinywani.
Anauliza kwa Kipolandi: "Zenek, amesema nini huyo?"
Nami, kwa sauti ya nyoka: "Nyamaza, mama! Narekodi!"

Kisha kiti. Taratibu.
Mtu anakaa asitake kusikika.

Harusi yake haikurekodiwa. Wala Krismasi zetu,
wala kicheko chake alipochoma maandazi.
Sauti yake yote iliyobaki duniani
ni swali moja, na jibu lake ni mimi.

Maneno ya mlinzi, hapo, hakuna ayajuaye.
Tumeyafunika, mama na mimi.
Hilary anaamini alitaja jina la muuaji.
Norris anasema alikuwa anasali.
Wameligombania jambo hili hadi kununiana mwaka mzima.

Sasa kampuni imeniandikia, kwa jina langu safari hii.
Filamu ya cha nne imekatika mahali mahali;
wanaomba mkanda wangu wazibe mapengo.
"Usiwe na wasiwasi," wanasema,
"kelele za nyumbani tutaziondoa zote."

Barua iko chini ya kikombe tangu Jumanne.

Nitawapelekea. Nakala, si wenyewe.
Na diski nitainunua, kama wenzangu,
nitaitazama peke yangu, pazia limefungwa.
Ikifika dakika ile nitaisimamisha,
nitakigeukia kiti,
nimwambie kwa lugha yake alichosema yule mtu,
hata kama alisema tu
kwamba mvua inakuja.