Hung'aa Hata Mainzi

Kasha la saa la shaba, nimelichonga kwa tupa,
Miezi kamili saba, Ngamiani, papa hapa;
Lataka dhahabu haba, nani fundi wa kulipa?
Nikalifunga lesoni, nikatoka kuuliza.

Vithali, mwana sonara: “Saa moja tu, upesi!”
Sampuli yake yang'ara; nikisugua, nyeusi.
Wa pili, bei yakera; unene? “Punguza wasi!”
Nikapita Chumbageni, mvua ikinyunyiza.

Kibanda chake cha mwanzi, bila bango la kujua,
Mwanamkasi, kwa lenzi, alipinduapindua:
“Huu mkwaruzo, mwenzi, dhahabu itaumbua.
Hung'aa hata mainzi; kwanza msasa, sugua.”
Fedha yake kibindoni, nasugua hadi giza.