Pimamaji

Mbaruku ametimiza kumi na minne,
hataki tena kulala chumba kimoja na dada yake,
na nyumba yetu hapa Pontypridd ni nyembamba kama daftari rafuni,
imebanwa ubavu kwa ubavu na nyumba thelathini.
Kilichobaki ni kwenda juu.

Juu kulikuwa na wenyewe.
Matangi mawili, mama na mwana:
la mabati, kubwa, la kuogea na kufulia,
na la plastiki, dogo kama beseni,
linalozinywesha rejeta za nyumba nzima
(mimi niliyedhani rejeta ni ya gari)
kila zinapopungukiwa, kidogo kidogo, bila mtu kujua.

Emlyn Prosser, fundi bomba, alipanda na tochi mdomoni,
akakaa huko hadi chai yake ikapoa,
akashuka na utando wa buibui kwenye nyusi.
"Nani hunywa maji ya bafuni?"
Mashavu akaninyooshea kidole.
Kuna ndege ndani, alisema Emlyn. Wa siku nyingi.
Amebaki manyoya na mdomo.

Kisha akachora nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
hapa tangi dogo, hapa kitanda cha kijana,
hapa rejeta yake. Akapiga mstari.
"Rejeta itakuwa juu kuliko tangi linaloilisha.
Maji hayapandi kwa kuombwa."

Nilielewa kabla hajamaliza.
Mwaka huu mwanangu amenipita kwa upana wa vidole viwili,
na kila ninalomwambia
humfika kifuani, likasimama hapo.

Basi tuyainue, nikasema.

Siku mbili bomba zote kavu.
Ndoo sita kutoka kwa jirani, Bi. Haf, ambaye hakuuliza kitu.
Mashavu akaoga kwa kopo, akatoka anang'aa, maji mengine yamebaki.
Saumu alimaliza ndoo nzima kwa mguu mmoja.
Mbaruku akapiga kelele mlangoni, povu machoni,
"Baba, kopo liko wapi?"
Lilikuwa mkononi mwake.

Tangi la mabati lilikataa kutoka.
Tundu la dari dogo, lenyewe pana;
liliingia paa likiwa bado wazi,
siku ambayo mtu aliandika kwa penseli juu ya boriti:
Idris, 1958, mvua.
Tulilisukuma pembeni, paa linapoinamia sakafu.
Sasa lina viatu, na gitaa lisilo na nyuzi mbili.

Jipya, la plastiki, likapanda na mwanawe
hadi chini kabisa ya mgongo wa paa,
juu ya jukwaa la mbao mbili-kwa-nne.
Emlyn alilaza pimamaji, akangoja kile kitone cha hewa
kitulie kati ya mistari.
Hakikutulia. Akapachika kabari, akagonga.
Akangoja tena.
"Robo tani," alisema. "Jukwaa likiinama,
mwanao ataamka sebuleni."

Oktoba ikaingia na ukungu wake wa bonde.
Usiku mtu akivuta maji ya choo
nasikia boya likishuka huko juu, valvu ikifunguka,
bomba likikoroma ukutani nyuma ya kichwa changu:
maji yananipita mimi,
yanampita Mbaruku,
yanafika.

Ila rejeta yake ilikuwa ya moto chini, baridi juu.
Hewa, nilijua hilo. Nikapanda na ule ufunguo mdogo wa shaba,
goti likinilaumu kila kipago.
Alikuwa macho. "Nipe," akasema,
akauchukua mkononi mwangu kabla sijajibu.

Nikapiga magoti, nikashika kitambaa.
Ulitoka mluzi mrefu, mwembamba,
nao ukakatika, ukaanza tena,
kisha maji meusi, kwenye mkono wa shati langu.

"Inatosha?" aliniuliza, akinitazama kutoka juu.
"Bado," nikamwambia. "Bado kidogo."