Funguo za Kanisa

Leo Jumamosi, Woniala, nimejikuta nikizitafuta funguo zako
kwenye msumari nyuma ya mlango.
Hazipo. Shemasi mpya alizifuata Jumanne,
akaniachia alama ya kutu ukutani.

Miaka ishirini na sita ulilifungua kanisa letu la Sironko
kabla jogoo wa jirani hajaamua kuwika.
Ukafagia mavi ya popo, ukapanga viti,
ukahesabu sadaka mara tatu; ikipungua shilingi mia
uliitoa mfukoni mwako.
Mfukoni mwetu, nilinung'unika.

Siku za ubatizo ulitangulia mtoni
kupima kina kwa mwili wako,
maji ya Masaba yakikukata kiunoni kama panga,
mchungaji asije akamzamisha mtu kweli.
Ulirudi ukitetemeka. Nikakupa chai ya tangawizi,
nikakugombeza pia.
Ukafumba macho kuishukuru ile chai,
ukashukuru, ukashukuru,
hata ikapoa.

Sikuombi urudi. Najua uliko, uliniambia mwenyewe.
Ila kiti cha nyuma, karibu na dirisha lisilofungika,
bado wanakiacha wazi.
Mvua ikija, hukikalia yenyewe.