Kabla ya Jumanne

Baba amepanga vitu mezani tangu saa kumi na moja,
jua bado likiwa juu ya mawe ya Igogo:
bahasha kubwa ya picha za tumbo,
kadi ya bima iliyochubuka pembeni,
kalamu mbili, "moja ikigoma,"
na lile daftari la kurasa tisini na sita
nililolinunua Kirumba, lenye twiga kwenye jalada.

Miaka ishirini na sita alipima pamba.
Mkulima akishusha mzigo, yeye alitazama mshale,
wala hakuwahi kuweka kidole kwenye sahani.
Ndiyo maana hatukujenga ghorofa, mama husema,
akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.
Sasa kila asubuhi anajipima mwenyewe
kwenye mzani wa Kwilasa, muuza mbegu.
Sabini na moja. Sitini na sita. Hamsini na tisa.
Anaandika tarehe, anapiga mstari kwa rula.

Neno lenyewe lilitufikia wiki iliyopita: kongosho.
Mama aliuliza liko wapi.
Daktari kijana akachora kitu kama ulimi uliolala,
na juu yake nukta, akaikoleza.
Baba akatikisa kichwa:
"Nimekula maini, figo, bandama, utumbo wa kila namna.
Hilo sijawahi kuliona limetundikwa buchani."
Tukacheka. Daktari naye akacheka, kisha akaacha.

Andika, anasema, nami naandika.
Manjano haya ya macho yataondoka?
Kuwashwa je? Usiku anajikuna kwa gunzi
mpaka Mbula anaamka na kuuliza kuna panya.
Sukari inapandaje, na mtu hali?
Kuna kupasuliwa, au hakuna?
Hizo dripu ni za siku ngapi, na bima inaishia wapi?
Uji wa ulezi, anaruhusiwa?
Hilo la mama, kutoka jikoni, kwa mara ya tatu.

Shangazi Misoji amepiga simu kutoka Ukerewe:
ana mizizi, ana mtu, ana mtu mwenye mizizi.
Baba hakubishana. Itume, akamwambia,
na daktari aione.
Ukurasa wa tatu: *mizizi ya dada, jina halijulikani.*

Swali la kumi na moja niliandika Jumamosi
umeme ulipokatika, kwa mwanga wa simu.
Kisha nikalifuta.
Kifutio cha Mbula kibovu; kiliacha kovu la kijivu,
karatasi ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Usiku huu analipitia daftari
kwa miwani yake yenye mguu wa waya.
Anafika hapo. Anainua ukurasa kwenye taa
kama anayekagua noti.
"Muda... gani," anasoma.

Haniangalii. Anatazama dirishani,
ambako Bugando imewasha taa zake zote kilimani
na ziwa halionekani, ni harufu tu, na mbwa wa watu.
"Walikuja na punda kutoka Kwimba," anasema,
"siku mbili njiani, mvua, mikopo,
wakitaka namba moja tu. Yao. Kamili.
Usinipunje, mwanangu."

Akachukua kalamu. Ikagoma.
Kwa ile ya pili akaandika juu ya kovu,
kwa mwandiko wake wa stakabadhi:
*11. Muda gani?*
Akakaa kidogo. Akaongeza:
*12. Kichwa cha sato, cha kuchemsha, naweza?*

Mama ameleta shati la kijivu, bado lina joto la pasi.
Nilimwona mchana, mlango ameurudishia,
akihamisha kifungo cha kola,
nusu inchi kwa ndani, uzi ameukata kwa meno.
Baba analijaribu. Anafunga.
Anapitisha kidole shingoni, taratibu,
kidole kilekile kisichowahi kugusa sahani,
anamtazama mama.

"Limenikaa sawa," anasema.
Saa kumi na mbili tuwe kwenye foleni.