Herufi Moja

Mwamba wa Soroti umeshaingia giza dirishani,
umeme umekatika tangu saa kumi na mbili,
na mimi, msajili wa chuo, nahesabu majina kwa tochi ya simu:
mia tatu arobaini na moja.
Kesho saa tatu lazima yasomwe bila kujikwaa.

Watu hudhani kazi yangu ni muhuri.
Wengine hudhani ni kusema "Rudi Jumatatu."
Kweli, nimeisema sana, nina hata kibao chake mlangoni;
Mungu anisamehe kwa yule mama aliyetoka Katakwi
siku ambayo wino ulikwisha.

Leo alasiri alikuja binti, Akiror Deborah,
kitambulisho mkononi, macho chini.
Miaka mitatu vitabu vyetu vimemwita Okiror.
Kwetu Teso hiyo si herufi, ni mwili:
O mwanamume, A mwanamke.
Mwaka wa kwanza tulimpa kitanda bweni la wavulana;
akacheka, akaenda kulala kwa shangazi yake Pamba,
akidhani makosa ya wakubwa hujirekebisha yenyewe.

"Kwa nini hukusema?"
"Nilisema, mama. Niliambiwa nirudi Jumatatu."

Nikafungua faili.
Fomu ya kujiunga, mwandiko wa baba yake,
A kubwa, miguu imeachana kama ya mtu avukaye matope,
na risiti ya ada: fahali wawili, mnada wa Arapai.
Mchapaji ndiye aliyeteleza.
Sahihi chini yake ni yangu.

Kisha simu ikalia.
Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kufunguliwa milango:
mwanawe ana arobaini na saba katika Uhasibu.
"Tatu tu, msajili. Tatu ni nini kati yetu?"
Nikamwambia tatu ni tatu.
Akataja bodi. Akataja mkataba wangu unaokwisha Juni.
Nikamsomea tena: arobaini na saba.
Simu ikakatika, na nyuma yake umeme;
sijui kama walipatana.

Kalamu ni ileile.
Nakata O, naandika A,
naweka sahihi ndogo pembeni, na tarehe,
ili atakayekifukua kitabu hiki miaka hamsini ijayo
ajue nani alikosea, nani alisahihisha,
na kwamba alikuwa mtu mmoja.
Mistari tisa chini, arobaini na saba imekaa inaningoja.
Naipitisha kidole.
Naiacha.

Kesho Deborah atapigiwa vigelegele,
mzee Eriaku atasimama juani na koti lake la sufu,
na hakuna atakayeishangilia A.
Nami nitakuwa nyuma ya hema na orodha ya akiba.

Kile kibao cha mlangoni nimekishusha.
Nimekifungia ndani ya droo.
Sikukichoma; najijua.